Kurudisha Sauti ya Jukiboksi ya Zamani: Anzia Kwenye Sindano

Mtu akinunua jukiboksi (mashine ya baa ya kucheza santuri kwa sarafu) ya Kimarekani ya miaka ya 1950 au 1960, iwe Seeburg, Wurlitzer, Rock-Ola au AMI, akakuta inasikika kama redio iliyofunikwa blanketi, ushauri wa haraka mtaani ni uleule: ng'oa amplifaya ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti), weka ya kisasa yenye Bluetooth, funga spika za gari. Huko ni kuua mashine. Amplifaya yenye jozi ya valvu za 6L6 ilijengwa kushindana na makelele ya baa nzima, na wati zake 20 hivi bado zinatosha kumkosesha jirani usingizi. Kilichochoka ni kapasita za karatasi na nta, raba zilizokauka, na sindano iliyolika. Vitu vya bei ndogo.

Fuata njia ya sauti kwa mpangilio, kuanzia sindano hadi spika, wala usirukie hatua ya mbele kabla ya kumaliza ya nyuma. Sauti iliyopotea kwenye sindano haitarudishwa na kapasita, hata iwe ya dhahabu.

Kabla ya yote: hezi

Mashine iliyokuja moja kwa moja kutoka Marekani imeandikwa volti 115 au 117, hezi 60 (yaani mapigo 60 ya umeme kwa sekunde). Kwetu ukutani kuna volti 230 hadi 240, hezi 50. Transfoma ya kushusha inatatua volti, lakini hezi haizigusi kabisa. Mota ya kuzungusha santuri hufuata hezi, kwa hiyo santuri ya mizunguko 45 kwa dakika itazunguka mara 37.5. Wimbo unashuka zaidi ya nusu-toni tatu, mwimbaji wa kike anageuka mzee mwenye mafua. Wengi husikia hivyo wakadhani amplifaya imekufa.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kubadili kipande cha mota kinachoendesha mzunguko. Kwenye mashine zinazotumia gurudumu la raba au mkanda, hicho ni kikombe kidogo kwenye ekseli ya mota. Kikombe kipya kiwe na kipenyo mara 1.2 ya kile cha hezi 60. Fundi mwenye mashine ya kukereza anaweza kukichonga kwa shaba nyeupe, mradi kisiyumbe. Mashine za gia zinahitaji gia ya hezi 50. Dawa ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo safi zaidi, ni inveta ya mawimbi safi iliyosetiwa hezi 60. Inveta nyingi za sola zina chaguo hilo kwenye menyu. Inveta inaokoa pia transfoma ya nguvu na choki za taa (koili zinazodhibiti umeme wa taa za mrija), ambavyo kwenye hezi 50 hula umeme mwingi kuliko vilivyokusudiwa na kupata joto.

Kasi hupimwa kwa duara la karatasi lenye mistari. Chini ya taa inayowaka kwa umeme wa hezi 50, tumia duara la mistari 133. Chini ya hezi 60, mistari 160. Mistari ikionekana imesimama, kasi ni sawa. Kinachohesabika hapo ni hezi za taa unayomulikia, si za mashine: jukiboksi ikiwa kwenye inveta ya hezi 60 na taa ikiwa kwenye umeme wa ukutani, bado ni 133. Taa nyingi za LED hazipepesi vya kutosha. Tumia balbu ya neoni au mrija wa zamani wenye choki.

Usisahau kupima volti upande wa pili wa transfoma ya kushusha mashine ikiwa inafanya kazi. Umeme wa mtaa ukipanda hadi 250, transfoma ya mbili kwa moja inatoa 125, na nyuzi za valvu zilizopaswa kupata 6.3 zinapata karibu 6.7. Bado si hatari, lakini ukivuka 6.9 unazipunguzia valvu umri. Stabilaiza itasaidia.

Sindano na kichwa chake

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pengine popote, na ndipo watu hupita haraka.

Jua kwanza una kichwa (kifaa kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme) cha aina gani. Vichwa vya fuwele vya zamani vilitengenezwa kwa chumvi ya Rochelle, kitu kinachoharibiwa na joto na unyevu. Mashine iliyokaa Mombasa, Tanga au Unguja miaka mingi, kichwa chake cha fuwele kihesabu kimekufa hata kama kinatoa kasauti. Vya seramiki vinastahimili zaidi. Vyote viwili hutoa sauti yenye nguvu, karibu nusu volti au zaidi, na hutaka kuunganishwa kwenye mzigo (ukinzani wa kifaa kinachopokea sauti) wa omu milioni 1 au zaidi. Ukiviweka kwenye mzigo mdogo, besi inakatika. Vichwa vya sumaku hutoa milivolti chache tu, huhitaji priampu (amplifaya ndogo ya awali) yenye marekebisho ya RIAA (kanuni ya kurudisha besi na kupunguza sauti za juu za santuri), na mzigo wake wa kawaida ni omu 47,000. Kwa hiyo huwezi kutoa cha seramiki ukachomeka cha sumaku ukategemea miujiza: utasikia sauti nyembamba ya mbali, mchele mtupu bila mchuzi. Lazima priampu iongezwe kati yake na amplifaya.

Baadhi ya Wurlitzer za mwisho wa miaka ya 1940 zilikuja na kichwa kiitwacho Cobra, ambacho hakizalishi umeme chenyewe. Kinatikisa mzunguko mdogo wa redio, na sauti inatolewa humo. Ukikutana nacho, usikifanyie majaribio ya mzigo wala priampu. Ni mnyama mwingine.

Kwenye Seeburg za miaka ya 1950 na 1960, santuri husimama wima na kusomwa upande wowote bila kugeuzwa. Kichwa chake basi kina sindano mbili, moja kila upande. Hilo linakupa kipimo cha bure: cheza santuri tano upande wa A, kisha zilezile upande wa B. Pande zote za B zikikwaruza na za A zikiwa safi, umempata mwizi, ni sindano ya upande huo. Usifungue amplifaya.

Kuhusu ukubwa wa ncha: santuri za 45 za stereo huchukua ncha ya inchi 0.0007, yaani maikroni 18 hivi. Santuri za mono za miaka ya 1950 zilikatwa kwa kutarajia ncha ya inchi 0.001. Zile nzito za 78 hutaka inchi 0.003. Sindano ya 45 kwenye santuri ya 78 hukwaruza chini ya mfereji na kuokota uchafu wote. Ya 78 kwenye 45 inaelea juu na kuharibu kuta. Kwa jukiboksi chagua ncha ya duara, si ya yai. Mkono wa jukiboksi haukujengwa kwa ncha ya yai, na santuri nyingi za Marekani za miaka ya 1960 zilitengenezwa kwa polistairini, plastiki ngumu inayolika upesi ncha isipokaa sawasawa.

Kuna hatari moja ambayo haisemwi vya kutosha. Kichwa cha mono cha zamani hakichezi juu na chini, kinacheza kushoto na kulia tu. Ukikipa santuri ya stereo, kinalima mifereji kama jembe, na santuri hairudi tena. Kama mashine ni ya mono na unataka kucheza santuri za baadaye, weka kichwa cha stereo kisha uunganishe chaneli zake mbili pamoja: chanya na chanya, hasi na hasi. Faida ya ziada ni kwamba kelele za mtikisiko wa juu na chini hujifuta zenyewe, na santuri iliyochakaa inasikika tulivu kuliko ulivyozoea.

Kwenye mashine nyingi za Rock-Ola zenye kichwa cha sumaku, na kwenye nyingi zilizobadilishwa, utakuta Shure ya jamii ya M44. Shure waliacha kutengeneza vichwa vya santuri mwaka 2018, ila sindano za badala bado zinatengenezwa Japani na JICO. Uzito wa sindano ya M44-7 juu ya santuri ni gramu 1.5 hadi 3. Kwenye jukiboksi weka 3. M44C huchukua 3 hadi 5. Nunua mizani ndogo ya dijitali inayosoma sehemu ya mia ya gramu, pima kwenye kimo ambacho santuri yenyewe ingekuwa, si chini kwenye sahani tupu. Watu huogopa uzito wakaweka mdogo kupita kiasi. Matokeo yake ncha inarukaruka ndani ya mfereji, kila herufi "s" inapasuka, na kila ikigonga ukuta inauchubua. Wepesi unaharibu santuri kama uzito unavyoharibu. Kwenye Seeburg uzito unatokana na springi, si na mvutano wa ardhi, kwa hiyo mizani ya kulaza haifai. Tumia ya springi na ufuate gramu zilizoandikwa kwenye kitabu cha kichwa hicho.

Itazame ncha kwa hadubini ndogo ya kukuza mara 60 au zaidi. Ncha isiyolika imeviringika laini. Iliyolika ina vidirisha viwili bapa vinavyong'aa ubavuni. Hiyo itupe leo.

Ngurumo, kuyumba, na muziki wa mota

Sauti ya chini ya kunguruma inayobaki hata kwenye kimya kati ya nyimbo hutoka kwenye mota, ikapitia raba zilizogeuka mawe. Zibonyeze kwa kucha, zisipobonyea, badilisha. Gurudumu la raba lililokaa miaka limebanwa sehemu moja hupata bapa, nawe utasikia "du, du, du" ya haraka. Kulisugua kwa msasa husaidia wiki mbili, halafu tatizo linarudi; afadhali kulivisha raba mpya.

Grisi ya zamani huganda ikawa kama nta. Itoe yote kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, ndipo uweke mpya. Bushi za mota zipe matone mawili au matatu ya oili ya SAE 20 isiyo na sabuni ya injini, si zaidi. Zile dawa za kupuliza za kulegeza nati si vilainishi vya kudumu. Zinaosha mafuta yaliyobaki na baada ya mwezi mota inalia. Kwenye egemeo la mkono wa sindano usiweke mafuta kabisa: safisha kwa spiriti, uache likiwa kavu.

Amplifaya

Humu mna volti 350 hadi 450 za DC (umeme wa mkondo mmoja), na hukaa ndani ya kapasita baada ya kuchomoa waya. Zitoe kwa rezista ya omu 10,000, wati 5, kisha uhakikishe kwa mita. Kupima mkono mmoja ukiwa mfukoni si ushirikina, ni usalama. Usiwashe kamwe amplifaya ya valvu bila spika au mzigo: ukosefu wa mzigo unaweza kuchoma transfoma ya kutolea sauti, kifaa kigumu kukipata dukani. Rezista ya omu 8, wati 50, ikifungwa kwenye tundu la omu 8, inatosha kwa majaribio.

Mara ya kwanza washa kupitia balbu ya nyuzi ya wati 100 iliyofungwa kwa mfululizo kwenye waya wa moto. Balbu ikiwaka sana halafu ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa, kuna shoti, zima.

Kapasita za kupitisha sauti kati ya hatua na hatua ndizo kiini cha sauti chafu. Zile za karatasi na nta huvujisha DC. DC hiyo inaingia kwenye gridi (mlango unaoongoza umeme) ya valvu ya mwisho, valvu inavuta umeme kupita kiasi, sauti inakwaruza kwanza kwenye nyimbo zenye besi, kisha sahani ya chuma ndani ya valvu inageuka nyekundu. Kipimo ni rahisi. Kwenye 6L6 gridi ni pini namba 5. Ikiwa kathodi ya valvu (upande unaotoa umeme) imeungwa chini kwa rezista, gridi inapaswa kusoma sifuri. Ikisoma chanya zaidi ya nusu volti, chomoa valvu hiyo moja tu na upime tena kwenye soketi. Volti ikibaki, kapasita inavuja. Ikitoweka, valvu yenyewe ina gesi. Dakika tano, nawe hujanunua valvu za bure.

Badilisha kapasita zote za karatasi kwa za polipropilini za volti 630, thamani ileile: 0.02 inakuwa 0.022, 0.05 inakuwa 0.047. Pinga kishawishi cha kuongeza ukubwa ili "besi ijae". Besi ya jukiboksi tayari ilijazwa kiwandani, ukizidisha inakuwa tope.

Za elektrolitiki zibadilishe pia, kwa volti 500 kama za awali ni 450. Iliyokuwa maikrofaradi 20 weka 22. Ile ya kwanza kabisa baada ya valvu ya kunyoosha umeme usiipandishe kiholela: 5U4GB imekadiriwa kwa maikrofaradi 40 mwisho, na ukiweka 100 ukidhani mvumo utakwisha, kila ukiwasha unaipiga valvu ngumi. Kapasita ndogo za kathodi, kwa kawaida maikrofaradi 25 kwa volti 25, watu huzisahau. Zikikauka sauti inapoa na besi inapungua, bila dalili nyingine yoyote.

Rezista za kaboni hupanda thamani kwa umri. Pima kila moja, toa iliyopotea zaidi ya asilimia 20. Ila zile zinazolisha valvu mbili za jozi, upande wa juu na wa chini, zitafute zilizolingana kwa asilimia 1 au 2. Ulinganifu huo unasaidia sauti kuliko rezista ya bei mbaya.

Amplifaya za Seeburg za miaka hiyo zina mzunguko unaojirekebisha sauti, ili santuri iliyorekodiwa chini na iliyorekodiwa juu zisikike sawa bila mwenye baa kukimbilia kitufe. Kapasita yake ya muda ikivuja, sauti inapumua: inazama kila ngoma inapopigwa, kisha inapanda. Wengine huukata mzunguko huo kabisa. Mimi ningeuacha, hasa kwa santuri za rumba na benga ambazo wimbo mmoja uligawanywa pande mbili, dakika nne na zaidi kila upande. Upande mrefu hulazimika kukatwa kwa sauti ndogo ili mifereji itoshe, na mzunguko huo ndio unaouinua.

Halafu kuna relei ya kunyamazisha, inayofunga sauti wakati mashine inabadili santuri. Midomo yake ikichafuka, sauti inakuwa hafifu, au chaneli moja inapotea na kurudi ukigonga kabati. Pitisha kipande cha karatasi ngumu kilicholoweshwa spiriti katikati ya midomo, mara kadhaa, mpaka kitoke cheupe. Msasa marufuku, utaondoa fedha iliyopakwa.

Mvumo

Sikiliza ni mvumo gani. Kwa umeme wa hezi 50, mvumo wa 100 ni kapasita za elektrolitiki. Wa 50 ni ardhi, waya za sindano, au nyuzi za valvu. Chomoa plagi za kichwa cha sindano: mvumo ukiisha, tatizo liko nje ya amplifaya. Kaza na kusafisha plagi, hakikisha ngao ya waya imeungwa chini sehemu moja tu, na uzisogeze waya za sindano mbali na choki za taa. Mlio mkali kama nyuki unaotoweka taa za kabati zikizimwa ni choki, si amplifaya.

Spika

Mashine za miaka ya 1940, mfano Wurlitzer 1015 ya 1946, zina spika ya inchi 15 isiyo na sumaku ya kudumu. Sumaku yake ni koili inayolishwa umeme na amplifaya, na koili hiyohiyo huchuja mvumo. Ukiing'oa ukaweka spika ya kawaida, umeondoa pia choki ya umeme. Lazima uirudishe kwa choki nyingine yenye ukinzani na uwezo unaofanana.

Karatasi iliyochanika inaungwa kwa karatasi nyepesi ya mfuko wa chai na gundi nyeupe iliyopunguzwa maji. Gundi za mpira na silikoni ni nzito, zinaua sauti za juu. Kama spika ni zaidi ya moja, gusa betri ya volti 1.5 kwenye kila moja, chanya kwa chanya: koni zote ziruke upande mmoja. Moja ikirudi nyuma, besi zinafutana. Geuza waya zake. Kapasita ya spika ndogo ya sauti za juu ibadilishe bila kufikiri, na iwe isiyo na chanya wala hasi. Transfoma nyingi za jukiboksi zina pia laini ya volti 70 kwa ajili ya spika za mbali. Spika ya ndani isifungwe hapo.

Mwisho cheza wimbo wenye besi nzito, tembeza kiganja kwenye kioo, wavu wa mbele, kisanduku cha sarafu na skrubu za nyuma. Nusu ya "spika imepasuka" ni kioo kinachotetemeka. Kipande cha feltri kinamaliza kazi.

Santuri zenyewe

Osha kwa maji ya betri (maji yaliyochemshwa na mvuke wake kupozwa ukawa maji), na matone machache ya sabuni ya vyombo, ukifuata mzunguko wa mifereji. Za 78 za lakri zisiguswe na spiriti, inaziyeyusha. Jukiboksi ya Kimarekani inataka tundu la milimita 38. Santuri nyingi za Uingereza zina kitovu cha kuvunja kwa kidole, lakini zenye kati iliyojaa itabidi zitobolewe. Hapo tumia kifaa chenye mwongozo unaokaa kwenye tundu dogo. Ukikata kwa mkono ukakosea nusu milimita tu, karibu na mwisho wa wimbo kasi inapanda na kushuka kwa takriban asilimia 1 kila mzunguko, na noti ndefu za kinanda au fidla zitayumba hata kama kila kitu kingine ndani ya kabati ni kipya.